Hesabu ya Marisau



Katika mkutano wetu wa waalimu, mwalimu mmoja wa huku bonde la Ngaka alisimama akauliza neno ambalo halikuwamo katika mambo yaliyopangwa siku ile. Alisema: "Mchungaji, katika mtaa wangu wako vijana sita au saba. Wote wamepata kipaimara, wote huja kanisani. Lakini kila jioni hukusanyika barazani kwa mzee mmoja mwenye bunduki, na mazungumzo yao ni habari za risasi tu. Wajua namba zake, wajua rangi zake, wajua ipi huenda mbali na ipi hutawanyika. Hawajamdhuru mtu, wala hawajamtisha mtu, wala hawawindi pasipo kibali. Wapenda kujua tu. Je, niwaonye, au niwaache?"

Wengine wakacheka. Mwalimu mmoja mzee akasema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Mwingine akasema waonywe upesi, maana apendaye kuitazama sumu kila siku, mwisho ataionja. Mimi nilinyamaza, na sababu ya kunyamaza kwangu nitaieleza hapa chini. Nikaomba nipewe nafasi ya kujibu kwa kuandika. Basi, jibu langu ndilo hili.

Kwanza tuitazame hali yetu. Mtu akaaye mjini aweza kustaajabu ya kuwa wakulima watulivu huzungumza habari za bunduki. Lakini sisi tunaokaa huku, tangu milima ya Umatengo hata kuteremkia ufuo wa Ziwa Nyasa, twajua jinsi chakula kinavyopatikana. Baba zetu walitufundisha kulima ngoro, yale mashimo yaliyozungukwa na matuta, ili mvua isichukue udongo wa mlimani. Mtu hufyeka majani, huyalaza, huyafukia, hungoja yaoze, ndipo apande maharage, na baadaye mahindi. Ni kazi ya mgongo na ya miezi mingi. Kisha usiku mmoja nguruwe mwitu huingia, na asubuhi mwenye shamba hukuta mabua yamelala. Mchana huja ngedere na nyani. Kwa hiyo hapa na pale yuko mtu mwenye bunduki ya marisau, naye anayo kwa kibali, kama inavyoamuru Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mtu huyo akipita njiani na bunduki yake begani, watoto humfuata. Maganda matupu anayoyaacha huokotwa. Mtoto huweka mdomo wake ukingoni mwa ganda akalipuliza, nalo hulia kama filimbi. Basi, mtoto aliyepuliza ganda leo, akiwa kijana kesho atauliza ndani yake mlikuwa na nini.

Je, kuuliza hivyo ni dhambi? Nasema, hapana. Wazee wetu walisema ya kwamba kuuliza si ujinga. Tena katika kitu hiki kidogo yamo mambo mengi ya kumfunza mtu. Vijana hudhani ya kuwa bunduki ya namba 20 ni kubwa kuliko bunduki ya namba 12. Kumbe ni kinyume. Hesabu hiyo ni ya zamani: hutwaliwa ratili moja ya madini ya risasi, hugawanywa kuwa tufe 12 zilizo sawa, na mtutu unaotoshana na tufe moja katika hizo huitwa namba 12. Ukiigawanya ratili ile kuwa tufe 20, kila moja itakuwa ndogo zaidi, na mtutu wake mwembamba zaidi. Hali kadhalika punje za marisau: namba ikiongezeka, punje hupungua ukubwa. Risasi ya kuwindia ndege huwa na punje ndogo zaidi ya 200; iliyo ya mnyama mkubwa yaweza kuwa na punje 9 tu, kila moja nene kama punje ya mbaazi.

Tena ni ajabu jinsi punje hizo zilivyopata kuwa mviringo. Mwaka 1782 mtu mmoja wa mji wa Bristol katika Uingereza, jina lake William Watts, alipata hati ya kuilinda njia yake mpya. Aliyeyusha madini ya risasi, akayamimina katika chekecheke toka mahali palipoinuka sana. Matone yalipokuwa yakianguka yalijifanya mviringo yenyewe hewani, kama tone la mvua, kisha yakaingia katika maji yaliyowekwa chini, yakawa magumu. Mtu akijua jambo hilo na kustaajabu, sioni kosa lake. Viumbe vyote vimewekewa kanuni, na tone la madini huifuata kanuni yake, ijapokuwa mwanadamu alitumia kwa mema au kwa mabaya.

Zaidi ya hayo, yako maarifa ya risasi ambayo huokoa mikono na macho ya watu. Risasi ya namba 20 ikitiwa kwa makosa katika bunduki ya namba 12, haikai mahali pake. Huteleza ikaingia mtutuni, ikakwama humo. Mwenye bunduki akitazama huona mahali pa risasi pa tupu, naye hutia nyingine ya namba 12 nyuma yake. Akifyatua, mtutu hupasuka mkononi mwake. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi huzifanya risasi za namba 20 ziwe na ganda la rangi ya manjano. Kijana ajuaye maana ya rangi ile amejua neno jema. Asiyetaka kujua, kwa kudhani ya kuwa kutokujua ndiko utakatifu, aweza kumpoteza ndugu yake.

Tena sisi watu wa Ruvuma twapaswa kukumbuka kuliko wengine hasara iletwayo na kutokujua. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels katika Ubelgiji, yakapatana juu ya kukomesha biashara ya watumwa, na hilo lilikuwa jema. Lakini katika mapatano yale yale yalizuia bunduki za namna mpya pamoja na risasi zake zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika, ila kwa ruhusa. Yakaacha mlango kwa bunduki za zamani za gumegume na baruti ya kawaida. Basi, nguvu ya bunduki mpya ikawa jambo la upande mmoja tu. Mwaka 1905 vita vya Majimaji vilipoanza kule Umatumbi, habari ilienea ya kuwa yuko Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, na ya kuwa kwa dawa yake risasi za Wadachi zitageuka kuwa maji. Dawa ile ilifika hata kwa jirani zetu Wangoni. Watu wakaenda mbele ya bunduki za mizinga midogo ipigayo mfululizo, wengi wao wakiwa na mikuki na magobore. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji wengi wa Wangoni walinyongwa mjini Songea, na kila mwaka siku hiyo hukumbukwa huko penye Makumbusho ya Majimaji. Vita vilipokoma mwaka 1907, maelfu kwa maelfu walikuwa wamekufa, na wengi wao waliuawa na njaa.

Siwacheki watu wale. Walikuwa na sababu ya kukasirika, na ushujaa wao haukuwa mdogo. Nasema tu ya kwamba kama kila mmoja wao angalipata nafasi ya kuifungua risasi moja, kuigusa na kuuliza maswali kama haya ya vijana wetu barazani, labda wangalichagua njia nyingine ya kupigania haki yao. Kwa hiyo simwambii kijana, "Usiulize." Neno hilo limekwisha kutugharimu sana.

Hata hapa, msomaji aweza kudhani ya kuwa nimekwisha kujibu, ya kwamba vijana wale waachwe. Bado. Sasa nitaeleza kwa nini nilinyamaza mkutanoni.

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikitumika katika usharika mwingine, mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa watu wa namna hii. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa na bunduki ya marisau kwa kibali, naye alikuwa mtu wa taratibu. Jioni nyingi nilikwenda kwake, nikamwuliza hili na hili. Siku moja alipasua ganda la risasi moja kwa kisu, jambo ambalo simshauri mtu yeyote kulifanya, akanionyesha fataki iliyo kitakoni, na baruti, na kizibo kinachoitenga baruti na marisau, kisha marisau yenyewe akayamimina juu ya mkeka. Tukayahesabu kama watoto. Mara ya kwanza tulipata punje 254. Tukahesabu tena tukapata 256, maana mbili zilikuwa zimeviringika chini ya mkeka. Tulifurahi sana kwa kuwa hesabu yetu sasa ilikuwa kamili.

Siku ya pili yake nilitaka kuona jinsi punje hizo zinavyotawanyika. Tukalitandaza gunia juu ya miti miwili, mwisho wa shamba lililokwisha kuvunwa, tukapima hatua 35. Mzee alisimama tayari, kisha akaishusha bunduki yake akaniuliza, "Mchungaji, nyuma ya gunia kuna nini?" Nikamjibu, "Hakuna kitu, ni migomba tu." Sikuwa nimekwenda kutazama. Nilijibu hivyo kwa kuwa nilitaka apige upesi.

Akapiga. Tukalikimbilia gunia, nami nilikuwa na kipande cha mkaa mkononi, nikaanza kutia alama penye kila tundu na kuhesabu kwa sauti. Nilikuwa nimepita themanini niliposikia mtu akilia ng'ambo ya migomba. Palikuwa na njia pale. Mama mmoja wa usharika wangu alikuwa akipanda toka bondeni na mzigo wa kuni kichwani. Alikuwa ameuangusha mzigo, ameushika mkono wake wa kushoto, na damu ilikuwa ikitoka juu ya kiwiko. Punje moja ilikuwa imeingia chini ya ngozi.

Tulipokuwa tukimsindikiza, yule mzee aliniambia kwa sauti ndogo ya kuwa tungeweza kusema bunduki ilifyatuka yenyewe. Nakiri mbele yenu, ndugu zangu, ya kwamba kwa muda wa nusu ya njia nami nililitaka neno hilo. Lakini tulipofika kituo cha polisi kuomba karatasi ya matibabu nilisema kama ilivyokuwa: ya kuwa mzee aliuliza, na ya kuwa mimi ndimi niliyejibu pasipo kutazama. Bunduki ikazuiwa mpaka habari yake ilipokwisha kuamuliwa. Nami Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya usharika nikaieleza habari nzima.

Siku ile katika zahanati, mganga aliitoa punje akaiweka juu ya pamba. Yule mama aliitazama, kisha akanitazama mimi. Akasema, "Baba Mchungaji, watoto wameniambia ya kwamba mlikuwa mkihesabu. Je, na hii mlikuwa mmeihesabu?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta jibu lake tangu siku ile, na hili ninaloandika ni sehemu yake.

Nilipoumia moyoni, kwanza nilijiambia ya kuwa kosa langu lilikuwa kutaka kujua mno. Baadaye niliona ya kwamba sivyo. Nilitaka kujua kidogo mno. Nilijua idadi ya punje, na uzito wake, na jinsi zilivyofanywa. Lakini udadisi wangu ulikwenda hatua 35 tu, ukasimama penye gunia. Punje hazikusimama penye gunia. Swali moja lililobaki, yaani zitafika wapi, na nani yuko huko, ndilo nililolijibu kwa kubahatisha.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Naona sababu ni hii. Maswali juu ya kitu ni matamu, maana kitu hakimdai mtu neno. Ukiijua namba ya risasi, hutakiwi kufanya lolote. Wastarehe na maarifa yako. Lakini swali juu ya jirani lina mzigo ndani yake: ukijua ya kuwa yuko njiani, huna budi kuishusha bunduki na kungoja. Kwa hiyo moyo hupenda kuuliza maswali yote ila lile la mwisho. Wala jambo hili si la wenye bunduki peke yao. Yuko mwalimu ajuaye hesabu ya sura za kila kitabu cha Biblia, wala hajui ni nyumba ipi ya mtaa wake iliyolala na njaa. Yeye naye amehesabu punje juu ya mkeka.

Mtu atanijibu, "Mchungaji, hakuna awezaye kuzifuata punje 256. Aliyekusudia gunia hakukusudia mtu." Ni kweli, na Torati yenyewe yampambanua mtu wa namna hii na mwuaji. Yataja habari ya mtu aliyekwenda mwituni pamoja na jirani yake kukata miti, na chuma cha shoka kikachomoka mpinini, kikampata jirani akafa. Mtu huyo hakumchukia mwenzake, basi amepewa mji wa kukimbilia, asiuawe na mlipiza kisasi. Lakini angalieni: imempasa kukimbia. Hakuambiwa abaki nyumbani mwake kana kwamba halikutokea neno. Kati ya mwenye kukusudia mabaya na asiye na hatia hata kidogo, yuko mtu wa tatu, yaani aliyekipeleka kitu asipojali kitakwenda wapi. Katekisimo yetu nayo, ikieleza amri ya tano, haitosheki na kukataza kuua. Yatudai pia tumsaidie jirani katika mahitaji ya mwili wake.

Tena bunduki ya marisau ina hukumu yake ya pekee. Bunduki nyingine hupeleka risasi moja, na mpigaji hukusudia hiyo moja impate anayemlenga. Hii imefanywa makusudi itawanye. Anayeipiga ajua mbele ya ya kuwa punje nyingi zitamkosa kanga aliyemlenga, wala hawezi kusema baadaye ya kuwa hilo lilikuwa bahati mbaya. Punje ndogo humwua ndege kwa hatua kama 40 au 50 tu, lakini zaweza kuruka zaidi ya mita 200 kabla ya kuanguka. Basi, asiyeweza kuzifuata punje zake, sharti atangulie yeye kwa miguu kwenda huko zitakakofika, atazame, arudi, ndipo apige. Nami nasadiki ya kuwa hiyo ndiyo sehemu bora ya elimu ya bunduki.

Hata zilizoanguka chini hazijamaliza safari yake. Bata wa majini humeza changarawe ili zisage chakula tumboni. Naye akiokota punje ya marisau matopeni, huidhani kuwa changarawe, na madini yake husagika yakamtia sumu. Ndege hudhoofika akafa, wala hana jeraha. Watu waliouliza sababu yake walikuwa wadadisi kweli kweli, maana waliifuata punje hata mwisho wake. Kwa ajili yao Marekani ilikataza marisau ya risasi katika kuwinda ndege wa majini tangu mwaka 1991, na nchi za Umoja wa Ulaya zikakataza katika maeneo ya majimaji tangu mwaka 2023. Sisi tulio na ufuo wa ziwa na mabwawa ya Ruvuma twaweza kujifunza hapo.

Sasa, mwalimu mpenzi uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Usiwafukuze vijana wale barazani, wala usiwaonye kwa sababu ya kuuliza. Nenda ukaketi pamoja nao jioni moja. Waache waeleze yote wanayoyajua, nawe usikilize kwa heshima, maana wamejifunza kwa bidii. Wakimaliza, waulize maswali matatu: Nyuma ya shabaha kuna nini? Ni nani hupita njia ile, na saa ngapi? Na zile zilizokosa zimekwenda wapi? Ukiona wanayapenda maswali haya kama walivyopenda yale ya namba na rangi, waache. Tena wamheshimu mzee wao, watakuwa walinzi wazuri wa mashamba yetu. Lakini ukiona wanachoka, na macho yao yanarudi kwenye ganda, ndipo uwaonye kwa upole. Hapo utakuwa umejua ya kuwa hawapendi maarifa, bali wapenda nguvu tu.

Neno moja la mwisho. Kabla ya kuondoka zahanati siku ile, nilimwomba yule mama anipe ile punje, niiweke mezani kwangu iwe ukumbusho. Alikuwa amekwisha kuifunga katika pindo la kitenge chake. Akakataa, akaniambia: "Hapana, Baba Mchungaji. Hii najua ilipo. Nenda ukazitafute zile nyingine."

Ni mimi ndugu yenu na mtumishi pamoja nanyi,

Mchungaji, Ngaka.